Saa Inayoandika Nyeupe

Mzee Mutale alifunua sahani, akaitazama saa niliyomletea, akasema haina kitu.

Tulikuwa nyumbani kwake mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, Jumapili baada ya misa. Nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Nilikuja kumposa Germaine, mtoto wa dada yake. Kwa watu wa upande wao mjomba ndiye anayetoa binti au kumnyima, na mjomba hatoi neno bure. Unaleta sahani iliyofunikwa kitambaa, ndani yake kitu kidogo cha kufungulia mlango. Anafunua, anasema kwa sauti anachokiona. Akikitaja, nyumba imekubali kuzungumza nawe, na watu wanakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho wanawake wamekipika tangu jana yake. Asipokitaja, unachukua sahani yako unakwenda. Unaruhusiwa kurudi mara moja tu. Ukishindwa tena, binti huyo si wako, hata kama mwenyewe anakutaka.

Germaine alinitaka, na soko zima lilijua. Mimi nilikuwa nimefika umri ambao wenzangu wanaoza mabinti wao, na sikuwa na hamu ya kutafuta mwingine.

"Iko nyeusi," alisema Mzee Mutale. "Munaniletea saa ya kufa?"

Mke wake, Mama Madeleine, aliinama juu ya sahani. "Ba Mutale, si hii inaandika? Minaona moja, minaona mbili, minaona ine."

"Wapi?"

"Pale katikati."

"Katikati iko nyeusi sawa matako ya chungu."

Ndugu yake mdogo, Ngosa, naye akaja kutazama, akimwita yaya, yaani kaka. "Yaya, inaandika. Hata ile nukta inarukaruka."

Mzee aliwatazama wote wawili, akaitazama tena saa, akawatazama tena. Alikuwa amevaa abakosi ya kahawia, lile koti la miaka hiyo lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na miwani myeusi ya kizungu. Uso wake ulianza kuvimba.

"Basi mimi njo kipofu?"

Nilitaka kusema. Mimi nikiona jambo nalisema, na sijawahi kujua njia nyingine. Lakini mkwe hasemi na mjomba. Maneno yote yanapita kwa mshenga, hata kama mmekaa chumba kimoja na kila mtu anasikia kila mtu. Mshenga wangu alikuwa Mwape, kinyozi, rafiki yangu tangu utoto.

"Mwambie saa ni nzima," nilimnong'oneza. "Betri nimeiweka leo asubuhi."

Mwape akakohoa. "Tata, mukwe anasema saa iko muzima. Betri iko mupya."

"Umwambie mukwe: kama iko muzima, inaninyamazia juu ya nini?"

Mwape akanigeukia. "Anauliza..."

"Nimesikia, Mwape."

"Usinijibu kwa sauti, utatuharibia."

Mzee Mutale akarudisha kitambaa juu ya sahani kama mtu anayefunika maiti. Munkoyo ikarudi jikoni. Tukatoka.

Njiani Mwape aliifunua sahani, akaisogeza saa kwenye jua, akaisogeza kivulini. Tarakimu zilisimama wazi.

"Ni ulozi," alisema.

"Ulozi gani? Saa imetoka Hong Kong."

"Hong Kong hakuna mulozi?"

Mimi ninatengeneza saa katika soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi. Miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, saa za tarakimu zilikuwa zikiingia kwa mifuko kutoka mpakani Kasumbalesa, na kila mwenye mkono alitaka moja. Zilizotangulia ziliandika kwa taa nyekundu. Gizani zilipendeza. Mchana jua lilizifuta, na ilikupasa kubonyeza kitufe ndipo ziwake, kwa hiyo mtu aliyebeba ndoo hakuweza kujua saa mpaka aitue. Zilikunywa betri kama mlevi anavyokunywa pombe mwisho wa mwezi. Mgiriki mmoja wa mjini alijaza dirisha zima kwa saa hizo nyekundu, na mwaka uliofuata hakuna aliyezitazama tena.

Maana zilikuja za kijivu. Hizi haziwaki kabisa. Kati ya vioo viwili vyembamba wameweka kioevu ambacho si maji wala mafuta. Kinatiririka kama maji, lakini ndani yake kimejipanga kama fuwele, vijiti vidogo vidogo vilivyolala kwa utaratibu. Umeme kidogo ukigusa mahali, vijiti vya mahali hapo vinasimama, mwanga unakosa njia, nawe unaona mstari mweusi. Panga mistari hiyo vizuri, utaandika tarakimu yoyote. Yule Mgiriki aliziita kristali za maji. Mimi nilizipenda kwa sababu jua halizifuti, linazisaidia, na betri inadumu mpaka unasahau kwamba ipo.

Kitu nilichokijua ni kwamba hazipatani na kila hali ya hewa. Asubuhi za Juni, Lubumbashi ikiwa na baridi yake, tarakimu zinajikokota kama mtu aliyeamshwa mapema. Na ukiiacha saa juu ya bati mwezi wa Oktoba, kioo chote kinakuwa cheusi mpaka kipoe. Kwa hiyo nilifikiri kwanza joto. Lakini joto halichagui macho. Kama saa ingekuwa nyeusi kwa mzee, ingekuwa nyeusi kwa mke wake pia.

Na saa hiyo haikuwa wazo langu tu. Mzee Mutale alifanya kazi maisha yake yote kwenye tanuru ya kuyeyushia shaba, akiamka kwa king'ora na kulala kwa king'ora. Alipostaafu akawa mtu wa kukaa mbele ya nyumba na kuuliza kila mpita njia ni saa ngapi. Germaine ndiye aliyeniambia: usimletee shanga, mletee saa.

Katikati ya juma Germaine alikuja kwenye meza yangu. Yeye ni mshonaji, cherehani yake ilikuwa upande wa pili wa soko, baada ya wauza vitunguu. Kwenye karatasi za serikali hatukuwa na majina ya kanisa, yalikatazwa. Sokoni aliniita Anaclet kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Anaclet, mjomba si mzima."

"Anaumwa nini?"

"Anajipima macho. Anashika kalenda ya ukutani, anaiweka mbali, anaiweka karibu. Anasoma kila kitu, hata majina ya watakatifu. Kisha anakaa kimya. Jana ameniuliza kama ninakumbuka bibi alivyopoteza macho."

Aliacha mzaha wake wa kawaida. Aliketi kwenye kigoda cha wateja.

"Kama ni macho, hataki bantu bajue. Na kama ni weye unamuchezea, hataki hata kukuona."

"Kalenda anaisoma vizuri?"

"Vizuri kupita mimi."

"Siku ile ya sahani alivaa nini?"

"Ulikuwa pale. Abakosi, viatu vya misa, luneti yake ya ziwa."

"Luneti ya ziwa ni nini?"

Akanieleza. Zamani, enzi za tanuru, mhandisi mmoja mzungu aliyekaa kule mtaa wa Golf alikuwa akimchukua siku za mapumziko kwenda kuvua samaki ziwani Karavia. Mutale alipiga kasia, mzungu alishika ndoano. Mzungu aliporudi kwao alimwachia miwani yake ya kuvulia. Ilikuwa miwani ya ajabu: ukiivaa, mng'ao wa maji unakufa, unamwona samaki chini kana kwamba maji yameondolewa. Mzee aliiweka sandukuni pamoja na rozari, na aliivaa siku kubwa tu. Siku hizo hakuivua hata ndani ya nyumba.

Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye kopo la saa zilizokufa.

Juu ya kioo cha kila saa ya namna hii kuna utando mwembamba, rangi ya moshi. Nilichukua wembe, nikaubandua kutoka kwenye saa moja iliyokufa, nikaushika kwa ncha za vidole mbele ya saa nzima, ile ile ya sahani. Tarakimu zilionekana. Nikauzungusha utando taratibu. Tarakimu zikafifia, kioo kikaingia giza, kikawa cheusi kabisa. Nikaendelea kuzungusha, zikarudi.

Germaine alininyang'anya utando. Akaweka jicho moja, akazungusha, akapiga kelele iliyomfanya muuza vitunguu ainuke.

"Luneti!"

"Luneti."

"Njo luneti, si macho!"

"Miwani yake na huu utando ni ndugu," nilisema. "Kila mmoja anapitisha mwanga uliolala upande wake tu, mwingine anaufungia nje. Kule ziwani mng'ao wa maji umelala upande mmoja, miwani inaufungia. Na mwanga wa saa yangu umelala upande huo huo. Kwa hiyo mjomba wako anaona giza."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilifurahi kuliko siku niliyopata meza sokoni. Nikaanza kufunga vifaa vyangu.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Mwape. Aende amwambie mzee avue miwani, asome saa, yaishe."

Germaine akaacha kucheka. "Nani amuambie?"

"Mwape."

"Mwape amuambie mzee kwamba alisema uongo mbele ya mukewe na mudogo wake, juu ya luneti?"

"Hakusema uongo. Alikosea."

"Anaclet. Atavua. Atasoma. Atasema ni kweli. Halafu hatanitoa, juu ya aibu tu. Kila akikuona kwenye mukeka atakumbuka."

"Huo ni ujinga."

"Ni ujinga wa kwetu," alisema. "Na weye njo unataka kuingia kwetu."

Nikafungua tena vifaa.

Mwape, tulipomweleza, alisema hakuna haja ya kumwambia mtu chochote. Alikwisha kuelewa kwamba ukizungusha utando giza linaondoka. Basi ukizungusha kichwa kilichovaa miwani ni mamoja. Kinyozi anajua kuzungusha vichwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya parokia, mzee alivaa miwani yake, na Mwape akamvizia nje ya kanisa akiwa amevaa saa yangu mkononi. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta, mahali pa mkwe.

"Tata, siku hizi shingo zinauma bantu sana," nilimsikia akianza. "Kwenye kiti changu minaona. Dawa yake ni kulaza kichwa hivi, sikio juu ya bega."

"Shingo yangu haiumi."

"Inauma bila wewe kusikia, tata. Laza kidogo. Vile vile. Zaidi. Na macho yatazame mukono wangu huu."

"Mukono wako uko na nini?"

"Hakuna kitu. Utazame tu."

Nikadhani imefaulu.

"Mwape," alisema mzee, "kuku njo anatazama hivi, akiona nyoka. Umekunywa nini kabla ya misa?"

Mwape alirudi nyuma ya ukuta akijipangusa shingo yeye mwenyewe. "Alilaza kidogo tu," alisema. "Sekunde moja zaidi, ningemupata."

Basi ikabaki njia moja. Kama miwani haigeuki na kichwa hakigeuki, igeuke saa. Nilibandua utando wa saa ya sahani ili niulaze upande mwingine. Haukuenea. Kioo cha saa ni kipana kuliko kimo chake, na utando umekatwa kwa kipimo chake. Ukiugeuza unasimama kama mlango katikati ya dirisha, pembeni panabaki wazi. Nilijaribu kuukunja, nikajaribu kuunganisha vipande. Vikaonyesha mishono, kama suruali ya mlevi.

Germaine alikuwa amekaa akinitazama, na uzi mdomoni.

"Mistari yako inasimama na unataka ilale?"

"Ndiyo."

"Sasa juu ya nini unageuza nguo? Mimi mistari nikitaka ilale, minageuza kitambaa kabla ya kukata. Sigeuzi gauni ikiisha kushonwa."

"Sina kitambaa. Nina hiki kipande tu."

"Utafute kikubwa."

Nilikuwa nacho. Chini ya meza kulikuwa na mashine ya kukokotolea ya muuza simenti, iliyoangukiwa na mfuko na kufa. Kioo chake ni kipana, utando wake ni mara nyingi wa saa. Niliubandua wote. Germaine hakuniachia mkasi. Aliuinua kwenye mwanga, akaufunika na kipande kidogo, akazungusha mpaka akajua uzi unaelekea wapi, akatia alama kwa kucha. Kisha akakata kwa mkasi wake wa hariri, akizuia pumzi, kipande cha mstatili, kikubwa kidogo kuliko kucha ya dole gumba.

Saa ya kwanza, ile ya sahani, niliivunja. Niliibana kidogo tu wakati wa kubandika, kioo kikalia, na kile kioevu kikakimbia ndani kama wino kwenye karatasi ya choo. Tarakimu zikazama zote. Mwape akasema pole kwa saa.

Ya pili, moja tu ya namna ile iliyobaki mezani kwangu, ikashika. Nilitia betri, nikageuza uso juu, na sote watatu tukaegemea meza.

Ilikuwa imegeuka. Saa zote za namna hii nilizowahi kuona ziliandika nyeusi juu ya kijivu. Hii uso wake wote ulikuwa mweusi, na tarakimu ziling'aa katikati yake, nyeupe kama meno. Nilielewa mara moja: nimeulaza utando upande wa pili, kwa hiyo mahali palipokuwa na njia pamefungwa, na palipofungwa pana njia. Germaine aliweka kipande cha utando mbele ya jicho, kimesimama kama miwani ya mjomba inavyosimama. Tarakimu hazikupotea. Akakiondoa. Bado zipo.

"Inaonekana kwa luneti na bila luneti," alisema.

"Lakini iko nyeusi," alisema Mwape. "Mzee alisema nini mara ya kwanza? Alisema nyeusi. Sasa tunamupelekea nyeusi zaidi. Fungua tena, irudishe."

Haikuwezekana. Kuirudisha kungetaka kugeuza na utando wa nyuma, na ule umeshikana na karatasi inayong'aa, ukiugusa unachanika. Na saa nyingine za namna ile sikuwa nazo mpaka wafanyabiashara wavuke tena mpaka. Sahani ya pili ndiyo ya mwisho. Mwape alinitazama, mimi nikamtazama Germaine.

"Unasema nini?" nilimuuliza.

"Minasema ni muzuri," alisema. "Mimi ningeivaa."

Nikasema twende.

Nyumba ilikuwa imejaa safari hii. Habari za sahani ya kwanza zilikuwa zimezunguka Bel-Air, na majirani walikuja kutazama mtu akifukuzwa. Nilikaa mkekani. Mwape alipiga goti, akaweka sahani miguuni mwa mzee, akasema maneno yake ya mshenga, yale mafupi, bila mapambo. Sikuwahi kumwona akisema kwa ufupi. Alikuwa anaogopa.

Mzee Mutale alivaa abakosi ile ile na miwani ile ile. Mikono yake ilikaa juu ya magoti, haikusogea.

"Madeleine," alisema.

"Bee."

"Leo usiseme kitu. Wala Ngosa. Hata mukiona malaika ndani ya sahani, munyamaze."

"Tumenyamaza, Ba Mutale."

Akafunua kitambaa.

Niliona vidole vyake tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini. Vidole vilishika ukingo wa sahani, vikaiinua, vikaileta karibu na uso. Nilisubiri neno "nyeusi." Nilikuwa nimeshajiandaa kulisikia, nimeshafikiri jinsi nitakavyopita mbele ya majirani wale na sahani mkononi.

"Moja," alisema Mzee Mutale.

Majirani walisogea mbele.

"Kisha nukta mbili. Kisha sifuri. Kisha saba."

Mama Madeleine alifunika mdomo kwa mikono yote miwili ili asivunje amri. Ngosa alinyoosha shingo, akaona uso mweusi na maandishi meupe, naye akafunika mdomo.

"Tata," alisema Mwape, "utaje basi. Sahani iko na nini?"

"Ngoja." Mzee aliisogeza sahani mbali, akaileta karibu, kama alivyofanya na kalenda. Alivua miwani, kwa hiari yake mwenyewe, akatazama, akaivaa tena, akatazama. "Imekuwa nane!"

"Ndiyo, tata. Taja."

"Ngoja nione kama itakuja tisa."

"Itakuja, tata! Itakuja mpaka jioni! Utaje!"

"Unaniharakisha juu ya nini? Uko na kichwa cha mutu unakinyoa?"

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa siri, kisha wazi, na mzee hakukasirika. Alisubiri. Chumba kizima kilisubiri naye. Ilipofika tisa aliitikia kwa kichwa, kama msimamizi wa zamu anayeona kazi imefanyika, akaweka sahani chini.

"Sahani iko na saa," alisema kwa sauti ya tanuru, ile ya kushinda mashine. "Minaiona kwa macho yangu."

Wanawake wakapiga vigelegele jikoni, na cha Germaine kilikuwa cha kwanza, jambo ambalo bibi harusi hapaswi kufanya. Mama Madeleine akafungua mdomo na yote aliyokuwa ameyazuia yakatoka kwa pamoja.

Mzee akainua mkono, wakanyamaza. "Mwape. Umuulize mukwe. Ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

Nilikuwa na jibu, na jibu langu lilikuwa la kweli na fupi, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mwape hakunigeukia hata kuniuliza.

"Ile ilikuwa ya bantu bote, tata," alisema. "Hii ilitengenezwa kwa macho yako."

Mzee alifikiri juu ya hilo kwa muda. Na mimi nilifikiri, nikaona kwamba hakuna hata neno moja la uongo ndani yake.

"Ni sawa," alisema.

Hapo Ngosa hakuweza tena. "Yaya, hakuna mutu Lubumbashi iko na saa ya namna hii. Zote zinaandika nyeusi. Mwape, umuulize mukwe kama anaweza kunitengenezea na mimi." Jirani mmoja akasema naye anataka. Mwingine akasema kaka yake anayefanya kazi mjini angeacha ile ya dhahabu kwa hii. Wanaume walikuwa wanakunja mikono ya mashati, wananionyesha vifundo vyao, mimi niliyekaa mkekani karibu na mlango. Maisha yangu yote nimeita wateja kwa sauti. Leo walikuja wenyewe mahali ambapo siruhusiwi kufungua mdomo. Na mfukoni nilikuwa na utando uliobaki wa mashine ya simenti, wa kutosha saa nyingi. Mwape alikuwa ameanza kutabasamu kama mtu mwenye duka.

"Hapana," alisema Mzee Mutale.

Mikono ya mashati ikashushwa.

"Mwape, umuambie mukwe. Kama ilitengenezwa kwa macho yangu, iko moja. Asitengenezee mwingine. Hata Ngosa. Asikie vizuri, na ajibu."

Mwape alinigeukia na uso wa huzuni kubwa. Nyuma ya mzee, mlangoni pa jikoni, Germaine alisimama na mtungi wa munkoyo. Hakunifanyia ishara yoyote. Alisubiri tu kama wengine.

"Mwambie ni moja," nilisema.

"Anasema ni moja, tata," alisema Mwape, na sauti yake ilikuwa ya mazishi.

"Moja Lubumbashi yote?"

"Lubumbashi yote."

"Na Likasi?"

Mwape akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Na Likasi, tata. Na Kolwezi."

Mzee aliifunga saa juu ya mkono wa abakosi, si chini yake, ili kola na vifungo na kila kitu kijue ni nani aliyeivaa. Germaine akapita akimimina. Alipofika kwangu alijaza kikombe mpaka kikamwagikia mkeka, akaendelea bila kunitazama, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Niliinua kikombe. Wote waliinua.

"Mukwe," alisema Mzee Mutale. Hakupitia kwa Mwape. Aliniambia mimi, moja kwa moja, na Mama Madeleine akageuka kutazama kama amesikia vizuri. "Usinywe kwanza. Ngoja ibadilike."

Tukakaa hivyo, vikombe hewani, nyumba nzima na majirani na mimi, tukimtazama mzee anavyoutazama mkono wake.

"Haya," alisema. "Munywe."